Wivu Wangu Kutoka Rusizi Hadi Kibuye

Ndugu zangu wa kiwandani,

Tangu turudi, kila ninayekutana naye hapa Kamembe, Rusizi, ananishika mkono na kutaka nimsimulie safari. Nimesimulia vipande vipande, tena vile vinavyonipendeza mwenyewe. Leo nimekaa niandike yote, kituo kwa kituo. Habari za vibali na makaratasi ya mashua naziruka, maana hata mimi zilinichosha.

Nianze kwa kukiri jambo moja ili msinishangae mbele. Safari hii niliisafiri na wivu. Sio wivu wa mwanamume mwingine, hapana. Nilimwonea wivu mke wangu, Maman Solange, kwa sababu ya mashua.

Kabla ya kuingia majini

Mnakumbuka nilipostaafu nilisema sitakaa nyumbani kuhesabu kuku. Nikapata ile mashua ndogo ya tanga iliyokuwa imelala chini ya turubai miaka mingi kwenye uwanja wa daktari mmoja mzee aliyerudi kwao. Mbao zake zilikuwa zimeachana, tanga limeliwa na panya. Nilikuwa na miaka sitini na tatu na sikuwa nimewahi kushika usukani wa kitu chochote kinachoelea. Nikamtafuta Fundi Murhula, ambaye kila asubuhi huvuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza akitoka Bukavu na sanduku lake la vyombo. Ujanani alitunza mashua za matanga za wazungu upande ule, na mkono wake haujasahau.

Maman Solange alikuja siku ya kwanza kutuletea chakula tu. Alikuwa fundi cherehani sokoni kwa miaka thelathini, basi akaliona lile tanga, akalishika, akasema atalishona. Wiki iliyofuata alikuwa amepiga magoti kando ya mashua, anasokota nyuzi za pamba na kuzisukuma kwenye nyufa za mbao kama Murhula alivyomwonyesha, halafu anapaka lami. Hiyo ndiyo kalafati, kazi ya kuziba mashua isiingize maji. Tuligawana: yeye ubavu wa kushoto, mimi wa kulia.

Murhula alipitisha kidole ubavu wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Maman, hii mukono yako iko ya fundi." Kisha akazunguka upande wangu, akachokoa pamba yote kwa kisu, akaniambia nianze tena. Nikaanza tena. Akachokoa tena. Mara ya tatu alichokoa bila hata kuniangalia, huku akiongea na mke wangu habari za upepo.

Nilirudi nyumbani siku hiyo na moyo umevimba. Mnajua mimi nimekula saruji, nimevaa saruji, nimesomesha watoto kwa saruji. Kule kiwandani kitu kikipasuka tunakiziba na kinakaa. Basi Murhula alipokuwa amekwenda kwao kwa msiba, nilikoroga saruji laini na gundi ya vigae, nikaijaza kwenye ule mshono wa chini wa ubavu wangu, nikailainisha kwa kidole, nikapaka lami juu yake. Ilipendeza sana. Murhula aliporudi alipitisha kidole, akasema imenyooka. Nilifurahi siku nzima.

Kwenye mafunzo mambo yalikuwa yale yale. Murhula alitufundisha kwamba upepo unasikilizwa kwa shingo. Maman Solange alivua kitambaa chake shingoni, akafumba macho, na baada ya wiki mbili alikuwa anageuza tanga kabla mimi sijajua kwamba upepo umehama. Mimi niliangalia juu, niliangalia maji, niliangalia majani ya ufukweni, na bado tanga lilinipiga kichwani.

Ndipo binti yetu Solange, aliyeolewa Karongi, wilaya yenye mji wa Kibuye, akajifungua mtoto wa kiume, na ubatizo ukapangwa Jumapili asubuhi katika misa ya Kibuye. Mchana wakwe wangetupokea kwao, karibu na maji. Nikatangaza kwamba babu atafika kwa tanga. Niliwatangazia ninyi, nikawatangazia wakwe, nikamtumia Solange ujumbe wa sauti. Nilichotaka ni kitu kimoja: siku ile wakwe wakisimama ufukweni, wanione mimi nimeketi kwenye usukani.

Jumatano: Kamembe hadi Nkombo

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi kwenye usukani. Ziwa lilikuwa limelala. Tulikaa saa tatu nzima tukiiangalia Bukavu, tukaona madirisha yanavyowaka jua moja baada ya jingine. Boti za injini zilizobeba ndizi na magodoro zilitupita, na abiria wake wakatuuliza kama tunauza hilo shuka.

Mwishowe nikachukua kasia. Nilipiga makasia hadi viganja vikachubuka, na Maman Solange akashika kamba ya tanga ili tukipata pumzi yoyote isipotee. Karibu na kisiwa cha Nkombo mtumbwi wa wanawake waliotoka sokoni ulitukuta, wakatufunga kamba na kutuvuta hadi pwani yao huku wakiimba kwa Kihavu. Sikuelewa wimbo, lakini mke wangu, ambaye mama yake alitoka kisiwa jirani, alicheka hadi akajifuta machozi. Nikamwuliza wanasema nini. Akasema wanaimba habari za samaki.

Walitupa viazi vitamu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, moto kabisa, na ndimu. Baada ya kula walikuja kulitazama tanga. Walipapasa mishono, wakauliza nani kashona, na walipoambiwa ni yeye wakamzunguka. Mmoja alimletea kiti. Mimi nilibaki kwenye jiwe na viganja vyangu vilivyochubuka. Hakuna aliyeuliza nani kapiga makasia.

Alhamisi: Nkombo hadi Nyamasheke

Upepo wa kiangazi ulikuja saa nne, kutoka kusini, nyuma yetu. Nilishika usukani hadi njaa iliponiuma, nikampa Maman Solange aushike nipate kula parachichi na mkate. Hapo mashua ikabadilika. Mimi nikiwa kwenye usukani ilikuwa inayumba, inasita, tanga linapigapiga. Alipoushika yeye ilinyooka, na maji yakaanza kuimba chini ya mbao. Sikumaliza hata parachichi.

Nikaomba usukani urudi. Akanipa. Tanga likaanza kupigapiga. Nikavumilia nusu saa, halafu nikamrudishia nikisema mgongo unaniuma, na nikajilaza sakafuni mwa mashua, nimejifunika kitenge uso mzima ili nisimwone anavyofurahi. Namwomba Mungu anisamehe, nilitamani upepo umtupe. Sio kwa nguvu. Kidogo tu.

Tulipokaribia Nyamasheke nilisikia watu wanapiga kelele ufukweni. Nikafunua kitenge, nikaona wanaume wanne wanaingia majini hadi magotini wakiwa na ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa mabegani. Wameona mwanamke anaendesha mashua kwa kasi na mzee kalala chini kafunikwa, wakajua mgonjwa anakimbizwa hospitali, maana iko pale juu mlimani. Mmoja alinishika miguu kabla sijafungua mdomo. Nilipokaa na kusema mimi ni mzima, walinitazama, wakamtazama mke wangu, na yule mkubwa wao akaniuliza kwa upole, kwa Kinyarwanda, basi kama ni mzima kwa nini mama anafanya kazi peke yake.

Walitupeleka kwa mmoja wao, wakatupa wali na maharage. Hadithi ile waliisimulia mara tatu kabla sahani hazijaondolewa. Maman Solange hakucheka hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angecheka.

Ijumaa: maji

Asubuhi niliketi kwenye usukani kwa nguvu na nikasema leo ni zamu yangu hadi jioni. Akasema sawa. Upepo ulikuwa mkali zaidi, mawimbi mafupi yanatupiga ubavuni, na nilikuwa nimejishika vizuri, hadi karibu saa nane nilipoona viatu vyangu vinaelea.

"Papa Solange, maji inaingia," alisema.

Nikasema ni mawimbi yanaruka. Akachukua kidumu cha manjano tulichokata juu, akachota, akamwaga. Baada ya dakika kumi maji yalikuwa yamerudi pale pale. Akapapasa ubavu wake wote, pakavu. Akataka kupapasa upande wangu, nikamwambia akae mahali pake asipindue mashua. Ndugu zangu, nilijua. Mbao zinavimba na kujipinda kwenye maji, saruji haijipindi. Nilijua tangu viatu vilipoelea, na niliendelea kusema ni mawimbi.

Tuliingia kwenye ghuba ndogo jua likielekea kuzama, mashua nzito kama ng'ombe aliyekataa. Kulikuwa na seremala wa mitumbwi pale, Mzee Enoki, ambaye alifanya kazi Goma na Bukavu na Kiswahili anakijua. Nikamwomba aitazame mara moja. Akatazama jua kwanza. Ghuba ile yote ni ya watu wanaosali Jumamosi, na siku yao huanza jua likizama Ijumaa. Alisema kwa heshima kwamba nyundo yake itarudi kazini Jumapili asubuhi. Chakula na kitanda tutapata, kazi hapana.

Jumamosi ambayo nyundo ililala

Maman Solange aliamka na uamuzi. Barabara iko pale juu, basi la Karongi linapita, tuiache mashua kwa Mzee Enoki, jioni tutakuwa kwa Solange na kesho tutakuwa kanisani. Mnaona ilivyokuwa rahisi. Nikasema hapana. Nikasema tutafika kwa maji kama nilivyosema. Akasema basi aende yeye peke yake. Nikamwuliza nani atanichotea maji kesho.

Akaufungua mkoba aliokuwa amekwisha kuufunga.

Walitulisha maharage baridi na mihogo iliyopikwa jana yake, kwa kuwa siku hiyo hawawashi moto wa jikoni. Hawakutaka chochote kwetu. Alasiri, wakirudi kutoka kusali, Mzee Enoki alipita ufukweni na suti yake na Biblia kwapani. Kutazama sio kazi, alisema. Akaivuta mashua pembeni kwa mguu, akainama, akabonyeza ule mshono wangu kwa ukucha. Kipande cha kijivu kikatoka, kikaangukia kiganjani mwake. Akakigeuza.

"Nani alitia simenti mu mbao?"

Mke wangu alikuwa amesimama pale. Ningeweza kusema ni yule daktari mzee. Ningeweza hata kumsingizia Murhula, na sitaficha kwamba jina lake lilifika mdomoni. Nikasema ni mimi.

Mzee Enoki akakifunga kile kipande kwenye leso yake, sijui kwa nini, akaenda zake. Maman Solange aliketi kwenye ukingo wa mashua. Akaniuliza kwa nini sikumwambia jana maji yalipoanza. Nikamweleza yote, jinsi Murhula alivyochokoa mara tatu, kidole chake kwenye ubavu wa kushoto, wale wanawake wa Nkombo na kiti chao. Nilisema kwamba namwonea wivu. Sikuwahi kumwambia mtu neno hilo katika maisha yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Na ubatizo ya mutoto?" akauliza.

Jumapili: kuingia Kibuye

Mzee Enoki alifika na nyundo yake kabla ya jua. Alitoa saruji iliyolegea, akajaza pamba na lami palipowezekana, akasema sehemu nyingine imeshikamana na mbao na inataka siku mbili. Itavuja kidogo kidogo. Mmoja aendeshe, mmoja amwage maji asiache. Alisema hivyo akinipa mimi kidumu.

Saa tatu, kengele ya kanisa fulani ililia juu mlimani, na tulijua kwamba kule Kibuye mjukuu wetu anamwagiwa maji kichwani. Maman Solange alifanya ishara ya msalaba na mkono wa kulia, wa kushoto ukabaki kwenye usukani. Hakunitazama. Mimi nilichota na kumwaga.

Karibu na visiwa vya Kibuye nilimwomba usukani. Nilisema nipe tu hizi dakika za mwisho, wakwe watatuona. Aliniachia, akachukua kidumu. Nilikaa pale labda kwa muda wa kusali Baba Yetu. Upepo ukazunguka kisiwa, shingo yangu haikusikia kitu, tanga likaruka upande wa pili na boriti yake ikanigonga bega. Mashua ikalala ubavu, ule ubavu wangu, maji yakaingia kwa wingi. Yeye alikuwa ameshaurudia usukani kabla sijainuka, na kwa sauti ya kawaida akaniambia nikae chini nimwage.

Hivyo ndivyo tulivyofika. Ufukweni walikuwa wamejipanga wote, Solange na mtoto amevaa nguo nyeupe, mkwe wetu, na baba yake na koti lake zuri. Walichoona ni tanga jeupe na Maman Solange ameketi wima nyuma yake. Mimi hawakuniona kabisa hadi nilipoinuka na kidumu, nimelowa.

Wakapiga vigelegele. Huyo baba mkwe wa Solange aliingia majini na viatu vyake, akampa mke wangu mikono miwili, akamwuliza kwa mshangao ni nani aliyemfundisha mambo haya.

Mke wangu alinitazama mara moja, nimesimama pale na suruali inachuruzika. "Ni Papa Solange alinifundisha," akasema.

Makofi yote yakanigeukia. Alikuwa amekosa ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza kwa ajili yangu, na bado alinifunika. Na mnajua nilichohisi? Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba yeye anaweza kufanya jambo kama lile.

Baada ya chakula, kama ilivyo desturi, wazee walipewa nafasi ya kusema. Baba mkwe akanisimamisha na kuniomba nieleze nilivyomfundisha mke wangu, vijana wasikie. Nilisimama na glasi ya fanta. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mawili na kukaa. Nikasema dakika kumi na tano. Nilisema jinsi nilivyomfundisha kusikiliza upepo kwa shingo. Nilisema jinsi nilivyomwonyesha kusokota pamba. Nilisema kwamba mwanzoni alikuwa mwoga, na kwamba mwalimu mzuri hana budi kuwa na subira. Watu walicheka palipopaswa, na Solange alirekodi kwa simu yake. Maman Solange alikuwa amempakata mtoto, akimtazama usoni muda wote.

Kurudi

Tulikaa Kibuye hadi seremala wa kule alipomaliza kuutoa mshono wangu, na kalafati mpya aliitia Maman Solange mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka alinipa usukani bila mimi kuomba, akaenda kukaa mbele, mgongo kwangu. Nusu siku nzima hakusema neno. Tanga lilipigapiga, mashua ikasita, ikayumba, ikapoteza njia, na hakugeuka kunirekebisha hata mara moja. Nilipochoka kunyamaza nilimwuliza kama amekasirika kwa sababu ya ubatizo.

"Ubatizo nilishakusamehe," alisema, bado ananipa mgongo. "Pale ku maji nilikupatia neno moja tu, juu wasikucheke. Weye ukabeba byote."

Niliendelea kuendesha vibaya hadi Nyamasheke.

Basi ile video ya hotuba ambayo Solange aliituma, ambayo wengi wenu mmeisambaza na kunipongeza, hakuna kilicho kweli ndani yake isipokuwa ile glasi ya fanta. Shingo ni yake, pamba ni yake, tanga ni lake. Mwoga nilikuwa mimi. Sasa ananifundisha, kila Jumanne na Alhamisi, na ni mwalimu mkali kuliko Murhula, na wivu bado ninao.

Kesho nitampigia simu baba mkwe nimwambie hivi hivi. Nimeanza na ninyi kwa sababu ninyi ni rahisi.